Bega la Agnella: Kofia ya Marehemu

Kofia ya marehemu ilikuwa bado kichwani kwa mtani wake Remigius, na waombolezaji walikuwa bado wanacheka, wakati Agnella aliposhika mgongo wa kiti cha plastiki ili asianguke.

Msomaji, kama wiki iliyopita ulikuwa kwa shemeji zako Mang'ula na gazeti likafungiwa vitumbua kabla hujalisoma, ngoja nikupitishe haraka. Jeneza liko juu ya magogo, kaburi liko wazi, na jua la Ifakara halijawahi kumsubiri mtu.

Anayezikwa ni Mwalimu Beatus. Ndiye aliyemfundisha Agnella tenisi kwenye kiwanja cha udongo wa kichuguu nyuma ya parokia. Ndiye baba yake wa ubatizo. Ndiye aliyezunguka naye Nairobi, Harare na Cairo, binti wa mkulima wa mpunga wa Namawala akiwafunga watu waliozaliwa na raketi mkononi. Wakafika Tunis. Akashinda nusu fainali, na katika kushinda kwake bega la kulia likalia ko.

Daktari wa kule alizungumza Kifaransa. Agnella hakujua hata neno moja. Beatus alikijua, alikisoma seminari kabla hajaacha masomo ya upadre, na alijisifu nacho mpaka watu wa mtaa wake, Mlabani, wakamchoka. Akatafsiri. Akamwambia binti yake wa ubatizo kwamba bega limekwisha, na siku atakayonyanyua mkono juu ya kichwa kwa nguvu, mkono utakufa.

Agnella alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliweka raketi chini, akarudi nyumbani. Sasa ana thelathini na saba. Anafundisha watoto kiwanjani pale pale, na mpira anauanzisha kwa chini, kama mtu anayemrushia kuku mahindi.

Halafu leo, mbele ya jeneza, mtani amevaa kofia ya Beatus, ameshika raketi ya Beatus, amechechemea kama Beatus, akasema kwa sauti ya Beatus: "Mimi ndiye bingwa wa Kifaransa. Daktari anasema wiki sita, mimi nasikia maisha."

Watu wakavunjika mbavu. Si wanajua majivuno yake? Padre mwenyewe alijifanya anatafuta ukurasa ili asionekane anatabasamu.

Agnella peke yake hakucheka. Hapo ndipo tulipomwacha, na hapo ndipo tunapomchukua.

Alimfuata Remigius mpaka jikoni, nyuma ya turubai, ambako wanawake walikuwa wanageuza wali kwa mwiko mrefu kama kasia. Mtani alikuwa anaomba ukoko.

"Remigius, umesema wiki sita."

"Dada, ule ni utani."

"Wiki sita za nini?"

"Ni utani, dada. Msiba bila utani ni kikao cha kijiji."

"Utani unachukua kitu ambacho marehemu alikifanya, unakikuza. Hamtungi. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo tulipomzika kaka yangu. Sasa niambie, Beatus alifanya nini?"

Remigius aliacha kutafuna. Ni mtu mwepesi wa mdomo, mfupi, mwenye meno ya mbele yaliyopishana, na watu wakimwona tu huanza kucheka. Lakini wakati huu uso wake haukuwa na kichekesho hata kimoja.

"Mimi Remigius sijui kitu," alisema polepole. "Anayejua ni huyu mwenye kofia. Na mwenye kofia haitwi jikoni. Anaitwa pale mbele, watu wakisikia, na aitwe na mtoto wake."

"Mimi ni mtoto wake wa ubatizo."

"Basi unajua la kufanya. Ila uwahi. Utani wa msiba una mlango, na mlango wake ni udongo. Kaburi likishafukiwa, kofia inarudi kwa wenyewe na mdomo wangu unafungwa. Kesho ukija kuniuliza, utakuwa unaniuliza umbea, na mimi mtani sisemi umbea wa maiti."

Ndivyo ulivyo utani wa ukoo wao, msomaji. Mtani anaruhusiwa kusema lolote juu ya marehemu, hakuna wa kumkasirikia wala kumpeleka popote. Lakini ruhusa hiyo ina muda wake. Beatus alilijua hilo. Alipokuwa kitandani, mgonjwa, hakumwita padre peke yake. Alimwita na mtani wake.

Agnella aligeuka, akagongana uso kwa uso na Theodosia.

Huyu mnamkumbuka. Alikuwa mwenzake wa kucheza wawili wawili, wakilala chumba kimoja, wakigawana soksi. Agnella alipoacha, Theodosia ndiye aliyechukua nafasi yake kwenye chuo cha tenisi Ufaransa. Alicheza huko miaka minane. Sasa ni kiongozi wa tenisi kule Dar es Salaam, na ameingia msibani na gari jeupe lililowafanya watoto wa Mlabani wasahau kwamba kuna maiti.

"Agnella, umekuwaje?"

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba bega langu lilikuwa la wiki sita."

Theodosia alifungua mdomo, akaufunga. Kwa Agnella, ule mdomo uliofungwa ulitosha kuwa ushahidi.

"Ulijua," alisema. "Nilikuwa nalia chumbani, wewe umekaa kitandani kwako unanifuta machozi, na ulijua. Mwezi uliofuata ukapanda ndege iliyokuwa yangu. Nimekuonea wivu miaka yote hii, Theodosia, na nikajichukia kwa kukuonea wivu. Kila Jumapili nilikuombea. Nilikuwa nakuombea wewe, kumbe umenikata mguu."

"Subiri kwanza."

"Nimesubiri miaka kumi na moja."

"Basi ongeza dakika moja," Theodosia alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nani alikupigia simu uliporudi? Nilikupigia, Agnella. Nilikupigia mpaka wenzangu wakanicheka. Nilitaka kukwambia nenda kwa daktari mwingine, nenda Dar, nenda Nairobi, usimwamini mtu mmoja. Ulipokea hata mara moja?"

"Simu yangu haikulia."

"Ililia. Ilipokelewa na mama yako. Leo umelala, kesho unaumwa, keshokutwa hutaki kusikia habari za tenisi. Mwisho akaniambia nikuache upone roho. Nikakuacha."

Agnella alitaka kumwambia ni mwongo, lakini kumbukumbu ikamwahi. Enzi hizo aliishi Namawala kwa mama, na kule umeme ulikuwa haujafika. Simu ilichajiwa dukani. Aliyekuwa akiipeleka asubuhi na kuifuata jioni ni mama yake. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani, ameukodolea macho ukuta.



"Nisamehe," alisema kwa kunong'ona.

"Yameisha," Theodosia alisema, akamshika mkono. "Sikiliza. Sikuja kuzika tu. Timu ya wasichana inaingia kambini, haina kocha. Nilitaka nikuombe baada ya mazishi. Kama bega ni zima, hata sababu ya kukataa huna. Twende wote leo."

Kule mbele, Katekista Teofili alikuwa anaita kwenye kipaza sauti kilichokoroma: mwanafunzi mkubwa wa marehemu asogee, asome wasifu.

Agnella alipita katikati ya viti. Watu walimpisha kwa heshima, maana Ifakara nzima haina mtu mwingine aliyewahi kuonekana kwenye televisheni kwa jambo la sifa. Mstari wa mbele alikaa mama yake, Bi Yosefina, kanga mbili, rozari mkononi, kichwa kimeinama. Mama mzuri sana yule. Watu husema akina mama wa namna hiyo wameisha.

Naomba nikwambie jambo moja juu ya mama huyu kabla hatujaendelea. Tangu binti arudi, kila jioni bila kukosa, Bi Yosefina hupasha mafuta ya ufuta kwenye kijiko, akamketisha Agnella mkekani, akamkanda bega. Hata baada ya Agnella kuhamia Mlabani, mama alimfuata ili bega lisikose mtu wa kulikanda. Ndoo ya maji humruhusu kubeba kwa mkono wa kushoto tu. Mchi wa kinu hamruhusu kabisa.

Agnella alisimama mbele ya jeneza. Karatasi ya wasifu ilikuwa mkononi. Aliitazama, akaikunja, akaiweka juu ya kiti.

"Mwalimu Beatus," aliita.

Watu wakadhani anaongea na jeneza. Lakini macho yake yalikuwa kwa Remigius, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani, akizuia maziko kama watani wanavyofanya mpaka wapewe chao.

"Mwalimu Beatus, mwanao nakuita."

Remigius aliinuka. Akaiweka kofia sawa. Akachechemea hatua chache, raketi kwapani, na minong'ono ya kucheka ikaanza tena.

"Naam, mwanangu. Uliza upesi, mbinguni nasikia wanapika kambale."

Kicheko kikapita turubai zima.

"Tunis, daktari alisema nini?"

"Daktari alisema mengi. Kifaransa ni lugha ndefu, mwanangu, mtu akikusalimu tu wali unaungua."

Kicheko tena. Agnella hakuhama.

"Alisema nini juu ya bega langu?"

Remigius alishusha raketi kutoka kwapani. Aliposema tena, bado ilikuwa sauti ya Beatus, ile ya puani, lakini imeshuka.

"Alisema mshipa umevutika. Apumzike wiki sita, afanye mazoezi, atarudi kama mpya."

Waliocheka safari hii walikuwa wachache. Wengine walishaanza kutazamana.

"Na wewe uliniambia nini?"

"Nilikwambia limekwisha. Nilikwambia ukinyanyua mkono utabaki unaning'inia kama mkono wa shati."

Hapo hakucheka mtu. Padre alifunga kitabu. Kutoka jikoni wanawake walikuja na miiko yao mikononi, wakasimama.

Si kwamba Agnella hakujua. Alishajua tangu jikoni. Lakini kulisikia kwa sauti ya yule mzee, sauti iliyomwambia "piga tena, mwanangu" maelfu ya mara, kulimchoma kuliko alivyotegemea. Alimpenda Beatus. Asubuhi ile ile alimlilia mpaka akakaukiwa.

"Kwa nini?"

"Niliombwa."

"Na nani?"

Remigius alitazama chini. Kijasho kilimtoka chini ya kofia. Akageuka, akaanza kuchechemea taratibu kando ya mstari wa mbele, raketi ameinyoosha mbele yake, akipita mtu mmoja mmoja. Akampita Katekista Teofili. Akampita mjane. Akampita Theodosia aliyekuwa amesimama pembeni na miwani yake ya jua. Watu walishusha pumzi kila alipopita, kama vile kila mmoja alikuwa na la kuficha.

"Vua kofia ya watu, Remigius."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, na haikuwa kubwa. Bi Yosefina alikuwa amesimama. Rozari aliifunga kwenye pindo la kanga.

"Umeshafanya kazi yako, mtani. Kaa chini. Hili lililobaki nitalisema mwenyewe."

Remigius alivua kofia. Akaiweka juu ya jeneza, akakaa chini kwenye udongo, amechoka kama mtu aliyelima.

"Mama," Agnella alisema. "Kaa. Si wewe."

"Ni mimi."

"Mama, kaa."

"Ni mimi, mwanangu. Nilimwomba Beatus kwa magoti. Kwenye simu magoti hayaonekani, lakini nilipiga. Nikamwambia umwambie vyovyote, ila arudi. Alikataa. Nikamwambia, wewe ulimshika mtoto huyu kwenye kisima cha ubatizo, ukaapa kumlinda. Basi mlinde asipotee. Akalia. Halafu akakubali. Hakunitazama tena usoni mpaka juzi tulipomfumba macho."

Mtu mmoja nyuma alianza kusema "jamani", akanyamazishwa.

"Kwa nini, mama?"

"Kaka yako Kasmiri mto ulimchukua. Unakumbuka tulizika nini? Tulizika shati na suruali. Nimezaa mtoto, nikazika nguo. Halafu wewe unaniambia Wafaransa wanakutaka ukaishi kwao, utakuja Krismasi ukipata nafasi. Nikaona na wewe unachukuliwa na maji, tena makubwa zaidi, na wewe hata shati lako sitaletewa. Ningezikwa na nani, Agnella?"

Yapo maneno ambayo ukiyasikia unamhurumia anayeyasema, na huruma hiyo hiyo inakutia hasira. Agnella alivipata vyote viwili kwa wakati mmoja, na havikukaa pamoja kifuani. Hasira ikashinda.

"Kila jioni ulinipaka mafuta."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii. Ulikuwa unakanda nini, mama?"

Bi Yosefina aliitazama mikono yake.

"Nilikuwa namkanda mwanangu," alisema. "Ulirudi na hasira, hukutaka kuguswa. Bega ndilo ulilonipa."

"Hukunipa nafasi ya kuchagua. Labda ningebaki. Ulishawahi kufikiria hilo? Labda ungeniomba mimi, badala ya kumwomba yeye, ningebaki. Sasa hatutajua, mimi wala wewe."

Mama alifumba macho. Hakujitetea, na Agnella alitamani ajitetee, apate cha kukipiga.

Katekista Teofili, masikini, alijua kazi yake ni ratiba. Alikohoa, akasema kwa upole kwamba jua linashuka na familia itangulie na udongo. Watani walipisha bila kudai chao. Jeneza lilishushwa. Hakuna aliyeimba, aliyetakiwa kuanzisha wimbo alisahau.

Zamu ya Agnella ikafika. Aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kulia. Halafu, badala ya kuudondosha kama wengine walivyofanya, aliuinua mkono. Ulipita kifua, ukapita sikio, ukanyooka juu ya kichwa, mahali ambapo haujafika kwa miaka kumi na moja. Kiwiko kikarudi nyuma chenyewe, mwili ukakumbuka sevu, ule mpigo wa kuanzisha mpira kwa juu.

"Bega, mwanangu," Bi Yosefina alisema kwa hofu. "Angalia bega."

Alishasema. Hakuna wa kuyarudisha. Msiba mzima uligeuka kumtazama yule mama, na yeye mwenyewe aliziba mdomo kwa kanga, kwa sababu hakuigiza. Uongo alioutunga ulikuwa umekaa naye muda mrefu mno, akawa anauamini na kuuogopa kama watu wengine.

Agnella alirusha ule udongo. Ulipiga ubao wa jeneza kwa kishindo. Mkono haukufa. Bega halikulia. Alisubiri maumivu na hayakuja, na kutokuja kwake ndiko kulikomliza, machozi yakimshuka bila sauti mbele ya Mlabani nzima.

Alijifuta. Akageuka, akampita mama yake bila kumtazama, akaenda moja kwa moja alikosimama Theodosia.

"Gari lako linaondoka saa ngapi?"

"Muda wowote utakaosema wewe," Theodosia alijibu. "Hata sasa hivi."

"Sasa hivi."

Walishaanza kutembea. Watu walipisha njia. Koleo za vijana zilikuwa zinarudisha udongo kaburini, na kwa kila koleo mlango wa utani ulikuwa unajifunga, ukifunga na siri yoyote iliyobaki.

"Agnella," mama aliita nyuma yao.

Hakugeuka.

"Agnella, nenda. Sikuzuii tena, sina haki hiyo. Lakini jiulize jambo moja tu. Mimi ni mkulima wa mpunga. Tunis sikuijua iko upande gani wa dunia. Umeumia mchana, jioni ile ile nimeshampigia Beatus. Wewe hukunipigia, maana ulikuwa kwa daktari. Beatus hakunipigia, mimi ndiye niliyemwanza. Sasa nani aliniambia kwamba mwanangu ameumia, kwamba daktari anazungumza Kifaransa, na kwamba wewe huelewi hata neno?"

Miguu ya Agnella ilisimama.

"Nani alinipa lile wazo, mwanangu?"

Agnella aligeuza kichwa kumtazama Theodosia, aliyekuwa bado ameshika mkono wake wa kulia. Vile vidole vilikuwa vimepoa ghafla kama vya maiti. Na kabla hajauliza swali, vikaanza, kimoja kimoja, kumwachia.